Nyumba mbili za Kabale, kipupwe kimoja

Aprili 2024 shemeji yangu alihamishwa kikazi kutoka Jinja kwenda Kabale, milimani kusini magharibi mwa Uganda, akasimamie ghala la malori yanayoshuka mpakani Katuna kuingia Rwanda. Dada akafungasha, wakaondoka na watoto wawili, mkubwa miaka saba na mdogo miaka miwili. Sisi ni watoto wa kambini. Baba alikuwa askari, Kiswahili ndiyo lugha tuliyolelewa nayo, na Jinja ndiko miili yetu ilikozoea: ziwa, joto, madirisha wazi mpaka usiku wa manane. Kabale iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Dada alikwenda na blanketi mbili.

Mimi ni seremala. Kazi yangu kubwa ni kenchi na dari, na ndiyo sababu waliniita walipoamua kununua nyumba badala ya kuendelea kupanga. Naandika kisa hiki chote, pamoja na hesabu zake, kwa sababu kila mwaka nasikia watu wakihamia Kabale, Kisoro au Kapchorwa wakinunua nyumba kama vile wananunua Entebbe, halafu wanatumia miaka kupambana na baridi kwa makaa.

Nianze na usiku wa sigiri, yaani jiko la makaa, maana ndio ulioanzisha yote.

Nyumba waliyopanga ilikuwa ya matofali ya kuchoma, sakafu ya saruji, mabati juu, na kati ya mabati na vichwa vyao hakukuwa na kitu. Juni ilipoingia, anga likawa jeupe bila wingu na baridi ikashuka. Dada akafanya wanachofanya majirani wote: jioni akishamaliza kupika, aliingiza sigiri chumbani, akafunga mlango, akaziba matundu ya juu ya dirisha kwa matambara. Chumba kikapata joto, watoto wakalala vizuri. Usiku wa tatu aliamka saa kumi na kichwa kinamgonga kama nyundo. Alidhani ni malaria. Akasimama, magoti yakakataa, akashika fremu ya mlango. Alipomwinua mdogo, shingo ya mtoto ililegea kama ya mtoto mchanga, na alipomwita hakufumbua macho. Aliniambia kilichomwokoa ni kwamba alitaka kutapika, akafungua mlango ili akatapike nje, na akatoka na mtoto mkononi. Pale barazani, kwenye ule ubaridi alioukimbia, mtoto akaanza kulia. Akamwamsha shemeji na mkubwa kwa kuwavuta miguu.

Asubuhi zahanati ilipima malaria, hawakuwa nayo. Ilikuwa hewa ya makaa, kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu, na inashikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, kwa hiyo hata ikiwa kidogo chumbani inaipokonya oksijeni nafasi yake. Makaa yaliyokolea mpaka hayatoi moshi ndiyo yanayodanganya zaidi, kwa sababu mtu anaona hakuna moshi, anasema yameiva, sasa ni salama. Si salama. Moshi ni kitu kingine na hiyo gesi ni kitu kingine. Kama kuna jambo moja tu utakalochukua katika maandishi haya, basi sigiri isilale ndani na watu.

Shemeji alinipigia simu siku hiyohiyo. "Shemeji, tunanunua nyumba, lakini wewe uje uikague kwanza. Sitaki kuzika mtu kwa ajili ya baridi."

Nilifika wiki ya kwanza ya Julai na kipimajoto nilichonunua Kampala kwa shilingi 25,000. Dalali alikuwa ameshawapangia nyumba mbili. Alikuwa kijana mzuri, Kiswahili chake kilikuwa cha utingo wa malori, chenye kasi na chenye mchanganyiko wa Mombasa na Kongo.

Nyumba ya kwanza ilikuwa bondeni, hatua chache kutoka lami, vyumba vitatu, ukuta umepakwa rangi mpya ya krimu, na mwenyewe alitaka milioni 78. Ya pili ilikuwa kwenye mteremko, dakika kumi na tano kwa boda kutoka mjini, njia ya udongo, vyumba vitatu pia, rangi imechakaa, bei milioni 95. Kwa macho ya mchana, hasa saa saba jua likiwa limewaka, hakuna mtu ambaye angechagua ya pili. Dada mwenyewe alikuwa ameshaipenda ya bondeni kwa sababu ya jiko lake, lenye rafu za saruji na karo la vigae.

Nikamwomba dalali kitu ambacho alisema hajawahi kuombwa: tulale. Usiku mmoja katika kila nyumba, tulipie, magodoro tutakuja nayo wenyewe. Mwenye nyumba ya bondeni alisita, akakubali kwa shilingi 30,000. Wa mteremkoni, mzee wa makamo ya baba yetu, alikataa hela kabisa. Alituma mtu alete kuni na jagi la bushera, kinywaji cha nafaka cha kule.

Usiku wa bondeni tulilala mimi na shemeji tu. Saa nne za usiku kipimajoto kilisoma nyuzi 17 ndani. Saa tisa kilisoma 14. Saa kumi na mbili alfajiri, ndani nyuzi 12, nje 8. Lakini namba si kitu kilichonishtua. Kabla ya kupambazuka tone la maji liliniangukia kwenye shavu, halafu lingine kwenye blanketi. Nikawasha tochi juu. Upande wa ndani wa mabati ulikuwa umejaa matone yaliyojipanga kwenye migongo ya bati, yanateleza polepole mpaka kwenye mbao, na mbao zilikuwa nyeusi kwa ukungu pale yanapokusanyikia. Shemeji akasema bati linavuja. Mvua haikuwa imenyesha kwa wiki mbili.

Lile lilikuwa jasho la bati. Usiku wa anga jeupe, bati hutupa joto lake juu angani mpaka linakuwa baridi kuliko hata hewa ya nje. Pumzi za watu wawili waliolala zinapanda na unyevu wake, zinagusa bati, zinakuwa maji. Watu wanne wangelala mle na sufuria ya maji ikachemkia ndani, ingekuwa mvua. Na mvua hiyo ya ndani ndiyo inayoozesha kenchi, ndiyo inayotia ukungu kwenye magodoro, ndiyo inayokaa vifuani mwa watoto.

Tulipofungua mlango saa moja hatukuona lami iliyo hatua chache mbele yetu. Ukungu ulikuwa umelala bondeni mzito. Juu yake vilele vya vilima vilikuwa vimeshapata jua, vinaonekana kama visiwa. Ukungu haukuondoka mpaka saa tatu na nusu. Hewa baridi ni nzito. Usiku ardhi ya kilimani inapopoa, hewa inayoigusa inapoa nayo, inateremka taratibu kama maji na kutuama chini. Anayejenga chini kabisa ya bonde anajenga ndani ya bwawa la baridi, hata kama mchana halionekani.

Kulikuwa na jingine bondeni. Nyuma ya nyumba, baada ya mita kama arobaini, udongo ulikuwa mweusi na laini, na mfereji ulikuwa umechimbwa kupitisha maji. Mafunjo yalikuwa bado yamesimama upande wa pili. Nikamuuliza dalali hati iko wapi. Akasema kuna makubaliano ya mauziano na muhuri wa LC1, yaani baraza la kijiji. Nikamwambia shemeji hapo hapo: Katiba ya 1995 inasema ardhi oevu iko mikononi mwa serikali kwa niaba ya wananchi, haiuzwi na mtu kwa mtu. Sikusema kwamba kiwanja kile hakika kilikuwa kinamasi, mimi si mpimaji. Lakini palipo na mafunjo mita arobaini kutoka dirishani, na hakuna hati, atakayeteseka siku ya ubishi ni aliyenunua mwisho.

Usiku wa mteremkoni dada naye alikuja. Nyumba haikuwa na dari, sawa na ya kwanza. Milango ilikuwa na mwanya wa vidole viwili chini. Alfajiri ndani ilikuwa nyuzi 15, nje 11. Nyuzi tatu zaidi ndani, bila moto, bila chochote kufanywa. Na saa moja na nusu jua likaingia. Nyumba ilitazama mashariki, madirisha mawili ya vyumba vya kulala upande huo, na ile miali ya kwanza ilifika mpaka ukuta wa pili. Dada alikaa pale kitandani, yaani kwenye godoro sakafuni, miguu imenyooshwa kwenye lile jua, kikombe cha chai mkononi, hakusema kitu kwa muda. Halafu akasema, "Jiko lake ni baya."

Hapo ndipo hesabu ilipoanza, na nataka niwe mkweli juu yake, kwa sababu watu hupenda kusema nyumba yenye joto inajilipa yenyewe.

Kwenye nyumba ya kupanga, Juni ile, gunia la makaa la shilingi 80,000 lilikuwa linaisha kwa siku 12. Ni kama magunia mawili na nusu kwa mwezi, shilingi 200,000. Kupika peke yake kulikuwa kunachukua gunia moja. Kwa hiyo 120,000 kwa mwezi zilikuwa zinachomwa kwa ajili ya joto tu. Tukachukua miezi mitatu ya kipupwe kwa hesabu hiyo, na miezi tisa mingine kwa nusu yake, kwa sababu Kabale usiku huwa na baridi mwaka mzima. Ikatoka 900,000 kwa mwaka. Shemeji aliuliza kuhusu hita ya umeme. Hita ndogo ya wati 2,000 ikiwaka saa tano kila jioni inakula uniti 10. Uniti moja ilikuwa inazidi shilingi 700, kwa hiyo ni zaidi ya 7,000 kila usiku, zaidi ya 210,000 kwa mwezi, na ukiizima tu, chumba kisicho na dari kinarudi palepale ndani ya nusu saa. Umeme hauna ile gesi, hilo ni kweli, na kwa mgonjwa au mtoto mchanga ningeununua bila kufikiri. Kwa familia nzima kila siku, ni kumwaga maji kwenye pakacha.

Tofauti ya bei kati ya nyumba mbili ilikuwa milioni 17. Kwa kuokoa 900,000 kwa mwaka, na hata hiyo ni kama ya bondeni ingekuwa inahitaji makaa yote na ya mteremkoni isihitaji hata kijiko, ingechukua karibu miaka 19 kuirudisha. Makaa peke yake hayakutosha kuwa sababu. Nilimwambia dada hivyo wazi. Sababu zilikuwa hati, unyevu, na kifua cha mdogo ambacho tangu usiku wa sigiri kilikuwa kinakoroma. Makaa yalikuwa ya kutusaidia kwenye bei.

Na yalitusaidia. Nilikaa nusu siku na futi yangu nikapima nyumba ya mzee, nikaandika kwenye daftari: vyumba vitatu vya kulala na sebule, jumla karibu mita za mraba 56. Plaiwudi ya futi nne kwa nane inafunika karibu mita tatu za mraba, kwa hiyo karatasi 19, na mbili za kukatika, 21. Kwa 35,000 kila moja ni 735,000. Mbao za mbili kwa mbili, misumari, kona na rangi zikafikisha milioni 1.6, na hapo ufundi ni wangu, sikuuhesabu. Milango miwili ya nje ibadilishwe, vioo vinne vimepasuka: 900,000. Njia ya gari haipiti wakati wa mvua. Nikampelekea mzee daftari, sikumpelekea maneno. Huu ndio uzuri wa kununua kipupwe: kila kasoro ya baridi iko mezani, muuzaji mwenyewe amelala nayo, hawezi kukuambia unaizua. Ukija Januari mchana, utasifia hewa safi.

Mzee alisoma polepole, akashuka mpaka 90, halafu 88. Tulikwama pale siku mbili.

Kilichotukwamua kilikuwa jambo la sheria. Wakili wetu aliuliza mke wa mzee yuko wapi. Mzee akasema yuko kijijini, haya ni mambo ya wanaume. Wakili akamweleza kwa heshima kwamba Sheria ya Ardhi ya 1998, na marekebisho yake ya 2004, hairuhusu ardhi ambayo familia inaishi au inategemea iuzwe bila ridhaa ya mume au mke. Bila sahihi yake, mauzo hayana nguvu. Mzee alinuna. Kesho yake akaja naye, mama mrefu, kanga mbili begani, hajui Kiswahili, dalali akatafsiri. Hakuuliza bei kwanza. Alimuuliza dada ana watoto wangapi, wana umri gani. Kisha akamshika mkono akampeleka kwenye chumba cha pembeni kaskazini mashariki, kidogo kuliko vyote, ambacho sisi tulikuwa tumepanga kiwe stoo. Akasema wajukuu wake wote walilala humo Juni na Julai, kwa sababu ndicho chumba kinachopata jua mapema na ukuta wake wa upande wa pili unashika jua hadi mchana.

Nilikwenda kutazama. Alikuwa sahihi, na mimi seremala sikuliona. Kabale iko kusini kidogo ya ikweta, na katika miezi hiyo ya baridi jua hupita upande wa kaskazini. Ukuta wa kaskazini, ambao Desemba hauoni kitu, Julai ndio unaopashwa. Mama yule hakuhitaji ramani kulijua, alikuwa amelea humo.

Alisaini kwa milioni 86, yeye ndiye aliyetamka hiyo namba. Sasa tofauti na ya bondeni ilikuwa milioni 8, karibu miaka tisa ya makaa, na hiyo naweza kuitetea mbele ya mtu yeyote.

Yaliyofuata nayapita haraka maana ni ya kawaida: upekuzi wa hati kwenye ofisi ya ardhi, kutembea mipaka pamoja na majirani na mwenyekiti wa LC1, ushuru wa stempu wa asilimia 1.5, ambao kwa bei yetu ulikuwa 1,290,000 na ambao shemeji alikuwa hajauweka kwenye bajeti. Uweke mapema.

Agosti nikarudi na mbao. Dari niliipiga kwa siku sita. Mafundi wa pale walinishauri nimwage maganda ya mpunga juu yake yashike joto. Nilikataa. Yanakaribisha panya, na waya za umeme zinapita hukohuko juu, cheche moja inatosha. Tuliacha hewa tupu kati ya plaiwudi na bati, na hewa iliyotulia ni blanketi ya kutosha. Chini ya milango nilipigilia vipande vya mpira wa tairi. Mapazia dada alishona mazito, yanayogusa sakafu, na anayafunga jioni jua linapozama, hasubiri baridi iingie ndiyo ayafunge. Mkeka, juu yake zulia, kwa sababu saruji inanyonya joto la miguu usiku kucha.

Matundu ya juu ya madirisha tuliyapunguza, hatukuyaziba yote. Kila chumba kina tundu moja la juu lililo wazi. Watu wanapumua, wanatoa unyevu, na nyumba iliyozibwa kabisa inarudisha lile jasho. Na kwa sababu sasa nyumba imebana kuliko zamani, sigiri ikiingia ndani hatari yake ni kubwa kuliko ile ya Juni. Jiko la dada, lile baya, tulilitoa likawa banda la nje lenye bati na ukuta wa nusu. Makaa yanabaki huko. Moto wa chakula cha jioni ukikaribia kufa, birika la mwisho linakaa juu yake, maji yanaingia kwenye chupa za mpira, moja kwa kila kitanda, imefungwa kitambaa isichome. Saa kumi na moja alfajiri bado ina uvuguvugu. Hiyo ndiyo hita yao.

Julai iliyofuata, 2025, dada alinitumia picha ya kipimajoto kila asubuhi kwa wiki nzima. Chumba cha wajukuu wa yule mama, ambacho sasa ni cha watoto, kilikuwa nyuzi 18 alfajiri, mara moja 17. Gunia moja la makaa kwa mwezi, la kupikia. Kifua cha mdogo kimetulia.

Kipupwe kilitunyima kitu kimoja lakini. Tulinunua wakati wa ukavu, na nyumba ya mteremkoni ina mlima mgongoni. Septemba mvua zilipoanza, ukuta wa nyuma ulilowa kuanzia chini hadi goti, kwa sababu maji ya mlimani yalikuwa yanagota kwenye msingi na hayana pa kwenda. Alama zilikuwepo Julai, mstari wa kahawia kwenye lipu, nikaudhani ni tope la watoto wa mpira. Ningekwaruza kwa ukucha ningeona lipu limeoza, na tungetoa milioni nyingine kwenye bei. Tulichimba mtaro kuzunguka upande wa juu, tukaujaza kokoto, tukayapeleka maji hadi kwenye migomba ya jirani ambaye aliyafurahia. Mvua za Machi zilipopita ukuta ulikuwa mkavu, isipokuwa kona moja ya magharibi, ambako nimeahidi kurudi Desemba na sepetu.